Taji kwenye kifungo

Katika ukoo wetu, kofia ile ilikuwa ya Mjerumani, na hakuna aliyebisha. Ilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi yangu, Kihesa, Iringa mjini, imeviringishwa kwenye kanga. Kila ilipotolewa, hadithi ilikuwa ileile: baba yake babu aliiokota Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku Wahehe wa Mkwawa walipolivizia jeshi la Kijerumani la Emil von Zelewski na kumuua yeye na askari wake wengi. Baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu, aliisimulia hata darasani.

Kisha akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Aliigeuza mara moja, akasema ni ya Mjerumani kweli, akataja bei iliyowakosesha baba zangu wadogo usingizi. Angerudi na fedha baada ya wiki. Mimi sikupenda ile haraka yake. Nilimwomba shangazi niipeleke kwanza kwa mzee mmoja wa Mlandege aliyestaafu jeshini, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza stoo ya sare.

"Nenda nayo, mwanangu," shangazi akasema, "ila isilale huko."

Ilikuwa Julai, na baridi ya Iringa mnaijua. Hata hivyo mzee alitoa meza nje, kwenye jua, akanawa mikono na kuikausha vizuri. Nilipoanza kumweleza habari za Lugalo alinizuia. "Hadithi utaniambia mwishoni. Ikitangulia, macho yanaifuata." Sijawahi kupata fundisho bora kuliko hilo kuhusu vitu vya kale, na nimelitumia mara nyingi tangu siku ile.

Alianza na ukingo wa mbele. Ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa kilekile cha kaki cha kofia yote, na mkanda wa kidevuni ulikuwa wa ngozi ya kahawia. Hivyo ndivyo zilivyoshonwa kofia za maofisa wa Kiingereza za sare ya kaki. Akagusa mbele, mahali pa beji. Beji haikuwepo, yalibaki matundu mawili yaliyokaa sambamba. Akaniambia mwanajeshi wa Kijerumani wa zama za Kaiser, mfalme wao, alibandika mbele ya kofia kokadi, yaani kiduara cha rangi, na kuanzia 1897 wanajeshi wao waliamriwa kuvaa kokadi ya dola pamoja na ile ya jimbo lao, moja juu ya nyingine. Matundu yetu yalikaa kulia na kushoto, kama yanavyoachwa na vishikizo viwili vya beji ya Kiingereza vinavyopitishwa pini kwa nyuma.

Hapo mimi tayari nilikuwa nimekata tamaa na Mjerumani. Mzee hakuwa na haraka. "Beji hung'olewa ikawekwa nyingine," alisema. "Tuingie ndani."

Ndani, juu ya bitana, maandishi ya dhahabu ya mwuzaji yalikuwa yamefutika karibu yote. Yalibaki maneno London W.1. Hiyo namba moja ilikuwa na thamani kuliko jina lote lililopotea, kwa sababu mitaa ya London iligawiwa namba za posta mwaka 1917. Kabla ya hapo watu waliandika W peke yake. Kofia iliyouzwa kwa anwani hiyo haikuweza kuwepo Lugalo 1891, wala isingeweza kuvaliwa wakati Wajerumani walipoiacha Iringa mwaka 1916.

Lakini 1917 ni mlango mpana. Kilichoufunga ni vifungo vidogo viwili vinavyoshika mkanda, kila kimoja na nembo ya ufalme na taji juu yake. Alinipa kioo cha kukuzia. Taji la wafalme, lililotumika kuanzia 1901 chini ya Edward VII mpaka George VI, matao yake yamepanda na kuviringika kama mgongo wa chungu. Malkia Elizabeth alipoanza kutawala Februari 1952 alichagua taji jingine, ambalo matao yake yamebonyea katikati, nalo likaanza kuenea kwenye sare kuanzia karibu na kutawazwa kwake, Juni 1953. Letu lilikuwa limebonyea. (Tangu 2022 Mfalme Charles amerudisha umbo la kuviringika, kwa hiyo anayetazama leo awe makini zaidi.)

Niliuliza kama vifungo navyo haviwezi kubadilishwa. Mzee alifurahi sana kuulizwa hivyo. Aliinua ukingo wa kifungo kwa ukucha, akanionyesha ngozi chini yake: alama moja tu ya duara, tundu moja, halikupanuka. Kisha akaleta taa ya kukagulia noti aliyoazima kwa wakala wa jirani, tukaingia chumbani gizani na kumulika mishono. Nyuzi nyingi za siku hizi zingewaka buluu. Hizi hazikuwaka hata moja. Hakuna aliyeifumua kofia ile na kuishona upya majuzi.

"Ni ya ofisa wa Kiingereza, baada ya 1952," akasema. "Sasa niambie hiyo hadithi yako."

Nilirudi Kihesa jioni. Baba alikuwepo. Nilieleza yote polepole, maana nilijua ninagusa nini, na baba alikasirika, akasema mzee wa stoo hawezi kuwafundisha Wahehe habari za Lugalo. Shangazi alinyamaza muda wote. Kisha akasema, "Mwache mtoto. Anasema kweli."

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika wa Afrika Mashariki. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni kwamba alipelekwa Kenya wakati wa Mau Mau, na huko alikuwa oderli, yaani askari mtumishi, wa ofisa mmoja ambaye alipokwenda zake Ulaya alimwachia kofia. Baada ya uhuru, shangazi akasema, nani angesimama mbele za watu kueleza kwamba aliwabebea Waingereza bunduki dhidi ya Wakikuyu? Bibi ndiye aliyeanza kusema ni ya Mjerumani. Babu hakumkatalia.

Mnunuzi aliporudi, shangazi alimweleza kofia ni ya nani na imetoka wapi. Bei ikashuka palepale, naye akamwambia aende salama, haiuzwi.

Ila jioni ile baba alikuwa bado hajakubali. Alichukua kofia, akaipeleka karibu na taa, akatafuta taji kwenye kifungo.

"Dada, alirudi Kenya mwaka gani?"

"Mwaka uliozaliwa wewe."

Baba alizaliwa 1955.