Kimevunjwa Hadi Lini?

Jumamosi ile mvua ilianza kabla ya alfajiri na sokoni Mwaloni, hapa Mwanza, hapakukanyagika. Mpaka saa 4 tulikuwa watu tisa tu chini ya turubai la mwenyekiti, na kikoba chetu cha kuweka akiba kina wanachama 31. Katiba yetu inataka nusu ndiyo akidi itimie. Mwenyekiti akaniambia, "Katibu, waandikie watu tuonane wiki ijayo." Nikafuta vidole kwenye kanga, nikatoa simu, nikaandika kwenye grupu: "Kikao cha leo kimevunjwa hadi Jumamosi ijayo."

Jumatatu asubuhi, gunia la kwanza la dagaa sijalifungua, akaja mama mmoja mtu mzima, mwanachama wetu wa tangu mwanzo. Mkononi ana daftari lake la hisa.

"Mwangaluka, mwanangu. Nimefuata gawio langu."

"Gawio gani mama, na huu ni mwezi wa tatu?"

"Si umeandika mwenyewe kimevunjwa?"

Nikaishiwa maneno. Kikoba chetu huvunjwa Desemba: kufuli tatu zinafunguliwa, hela zinamwagwa mezani, kila mtu anaondoka na chake. Mwanachama akisikia "kuvunja", akili inakwenda kwenye sanduku. Neno "kikao" hata hakuliona. Siku hiyo nilishinda na simu sikioni. Kuna mmoja alikuwa ameshamwahidi fundi bati za nyumba.

Kinachoniuma zaidi, mimi maneno haya nimekua nayo. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kirumba, na wakati wa Bunge la bajeti redio yake haikuzimwa. Mchana tulimsikia Spika: "Nasitisha shughuli za Bunge mpaka saa 11 jioni." Usiku ukiingia: "Naahirisha shughuli za Bunge mpaka kesho saa 3 asubuhi." Nilidhani Spika anabadilisha tu maneno asichoshe watu. Kumbe hapana. Hata Hansard ya Dodoma, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, huandika kwenye mabano kwamba mchana Bunge "lilisitishwa", na jioni kwamba "lilirudia". Kusitisha kunatoka kwenye kusita, na anayesita hajaondoka. Ni kama mpiga kasia aliyeinua kasia lakini mtumbwi bado uko majini. Kuahirisha ni kuchelewesha, kusogeza mbele, kwa hiyo shughuli ya leo imekwisha na watu wakalale. (Ni kuahirisha, jamani. "Kuhairisha" tunaandika wengi, na mimi nimo.) Mkutano mzima wa Bunge ukifika mwisho, Waziri Mkuu ndiye hutoa hoja ya kuuahirisha, na wabunge wanaulizwa.

Kuvunja sasa ni habari nyingine kabisa. Ibara ya 90 ya Katiba imeweka kazi hiyo mikononi mwa Rais, tena kwa masharti. Magufuli alipokwenda Dodoma tarehe 16 Juni 2020 kutoa hotuba ya kulifunga Bunge la 11, hakuna aliyeuliza kikao kinachofuata ni saa ngapi. Watu walikuwa wanawaza majimbo na kura. Ndipo nikaliona kosa langu lilipo: kuvunja hakuna "hadi". Ukishavunja umevunja. Mimi nikavunja halafu nikaweka na tarehe ya kurudi!

Laiti ningeandika "kimevunjika" ingekuwa balaa la aina nyingine. Magazeti yakisema kikao cha madiwani kimevunjika, msomaji anajua watu wamerushiana maneno, pengine na viti.

Kuna moja bado linanisumbua. Mwaka 2019 kule Uingereza, Malkia kwa ushauri wa Waziri Mkuu Boris Johnson alilifunga Bunge kwa wiki tano, mpaka tarehe 14 Oktoba. Kuliita kuahirisha siwezi, maana wabunge hawakuamua wao. Kuvunja nako sikubali, uchaguzi haukuitishwa na wabunge walibaki wabunge. Tarehe 24 Septemba majaji 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kwa sauti moja kwamba hatua ile ilikuwa kinyume cha sheria, na Bunge lihesabiwe kama halikufungwa kabisa. Ningekuwa mtafsiri ningeandika "kulipumzisha Bunge", kama serikali yetu ilivyosema inalipumzisha Ziwa Tanganyika kwa kusimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Tarehe ya kurudi ipo, amri imetoka juu, na samaki hawakuulizwa.

Jumamosi iliyofuata tulifika 27. Muhtasari nikauandika kwa kalamu nyekundu, "kikao kiliahirishwa kwa kukosa akidi", nikausoma mara mbili. Yule mama akanyoosha mkono.

"Katibu, hilo neno jipya, hela zetu zimo?"

"Zimo, mama."

"Haya, endelea."