Siku yangu moja: asubuhi natunza wazee, jioni napotea msituni

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alamu inalia na jua limeshatoka kitambo, maana hapa Uppsala mwezi wa tano usiku ni kama wa kuazima. Chai ya rangi, mkate, afu napakia begi la jioni: raba zenye vyuma vidogo chini, dira, soksi ndefu na suruali ndefu. Suruali ndefu sio urembo, ni kupe, msitu wa Uswidi una kupe we acha tu.

Saa moja asubuhi naanza kazi. Natunza wazee majumbani mwao, natoka nyumba hii naenda ile kwa baiskeli, na simu ya kazi ndo inaniambia kila kitu, nyumba ipi, dakika ngapi, dawa gani, nikate kona wapi. Nafuata tu. Miaka minne mji huu na ukininyang'anya simu sikwambii kaskazini ni wapi. Halafu mi ni mtoto wa Tanga, kwetu njia haisomwi, njia inaulizwa, "ukifika pale kwenye mwembe kata kushoto afu ulizia kwa yule mama wa mihogo".

Saa nne niko kwa mzee mmoja ambaye ndo kaniingiza kwenye balaa hili. Ana miaka themanini na kitu, ukutani kajaza picha zake za ujanani, matope mpaka magotini, ramani mkononi, anacheka. Mchezo wenyewe wanauita orientering: unapewa ramani na dira, unatafuta vituo msituni kwa mpangilio, wa haraka ndo mshindi. Leo wakati namfunga soksi za kubana miguu kanihadithia tena (mara ya tatu) kwamba ulianza kama mambo ya wanajeshi, afu 1919 meja mmoja anaitwa Ernst Killander, mtu wa skauti, akaandaa mbio kubwa nje kidogo ya Stockholm kwa sababu vijana walikuwa wamechoka kuzunguka uwanjani. Yeye mwenyewe kaenda sana O-Ringen, yale mashindano ya kiangazi yaliyoanza 1965, siku tano za mbio, watoto kwa vikongwe wote msituni. Nikamwambia leo ndo najaribu njia ya manjano. Akanikazia macho, akasema usikimbie kuliko unavyosoma. Sikumsikiliza, utaona.

Mchana wali wa jana. Saa kumi kazi imeisha, baiskeli mpaka msitu wa Lunsen, kusini mwa mji.

Saa kumi na mbili jioni. Hapa njia zina rangi kulingana na ugumu, kijani na nyeupe ni za watoto, hutoki barabarani, manjano ndo unaanza kuachana na vijia vya msituni kidogo kidogo, nyeusi ni ya wenyewe. Unavaa kidoleni kijiti cha elektroniki, ukifika kituoni unakichomeka kinalia pii, muda wako umeingia. Kituo kina kitambaa cha rangi ya chungwa na nyeupe na namba yake, na namba unahakikisha kwenye karatasi yako maana msituni kuna vituo vya wenzako pia.

Sasa ramani. Nyie mliosoma jiografia kidato cha nne mnakumbuka lile swali la ramani, uzi mkononi unapima barabara, 1:50,000, sentimita mbili kilomita moja? Nilikuwa nalipata lote! Kumbe kulipata darasani ni kitu kingine. Hii ni 1:10,000, sentimita moja ni mita mia, hadi jiwe la kuegemea limo, kidoti cheusi. Na rangi zinadanganya mgeni, nyeupe ndo msitu wa kawaida unaokimbilika, kijani ni kichaka na kikikolea usiingie, uwazi ni manjano. Mistari ya kaskazini imeshachorwa kufuata sindano ya dira kwa hiyo hakuna zile hesabu za kujumlisha na kutoa, unaigeuza ramani mpaka ilingane na sindano, ukigeuka wewe yenyewe inabaki ilivyo.

Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu safi, nikajiona bingwa nikaongeza mbio. Cha nne kilikuwa mwisho wa kinamasi. Nikafika kwenye kinamasi, nikafuata mpaka mwisho, hamna kitu. Lunsen ni tambarare, vinamasi vimejipanga kama mapacha, nami nimeshika pacha asiye wangu. Dakika ishirini nazunguka jiwe moja, simu ipo mfukoni nimeizima, na wa kumuuliza hakuna. Akatokea mtoto wa kike, miaka tisa hivi, nikasahau aibu nikamuuliza tuko wapi. Hakunionyesha! Kaniuliza yeye, mara ya mwisho ulikuwa na uhakika uko wapi? Kwenye njia panda, nikamjibu. "Basi rudi," akapotea zake. Nikarudi mpaka njia panda, nikahesabu hatua, mi hatua 64 za mguu wa kulia ni mita mia nikitembea, na kituo kile pale, kimetulia.

Nimemaliza kwa saa moja na dakika kumi na mbili, kilomita tatu tu. Na hata ukikata tamaa njiani lazima upite mwisho kijiti chako kisomwe, la sivyo watu wanaingia msituni kukutafuta usiku kucha na wewe uko kwako unakula.

Saa nne usiku, nimeoga, najikagua kupe nyuma ya magoti (mmoja, nimemtoa kwa kibano). Mama kaniachia sauti WhatsApp, picha nilizotuma kaziona: "Mwanangu, na huko kupotea wanakulipa shilingi ngapi?"

Hapana mama, nalipa mimi.