Tulipokuwa Watu Tisa

Nilipoajiriwa mwanzoni mwa 2018, kampuni yetu ya malipo kwa njia ya simu ilikuwa na watu tisa na chumba kimoja cha kupanga Ntinda, Kampala. Mimi nilipokea simu za wateja wanaozungumza Kiswahili, wengi wao kutoka Busia, Malaba na Arua, na watengenezaji wa programu walikaa meza ya pili, hivyo malalamiko yaliwafikia hata kabla sijakata simu. Julai ya mwaka huo serikali ilipoanza kutoza kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu, tulirekebisha hesabu za makato kwa siku chache. Na kodi hiyo ilipopunguzwa hadi asilimia 0.5, ikabaki kwenye utoaji wa pesa peke yake, tulirekebisha tena.

Leo tumezidi mia moja. Naufurahia ukuaji huu kwa dhati, kwani mshahara wangu umesomesha wadogo zangu wawili.

Mwaka jana wakala mmoja wa Busia, mama wa makamo, alinipigia akasema, "Mwanangu, mteja wangu amekatwa mara mbili." Niliandika taarifa, ikakaa kwenye foleni siku kumi na moja, na wateja wengine wakazidi kukatwa. Mtandao unapoyumba, jibu halimfikii mteja, naye akidhani ombi lake limepotea hubonyeza tena, na kompyuta zetu huhesabu maombi mawili. Dawa yake ni kulipatia kila ombi namba yake ya pekee, ili likirudi litambuliwe kuwa ni lile lile. Kinga hiyo tulikuwa nayo zamani. Iliachwa mfumo ulipoandikwa upya na watu ambao hawakujua kwa nini iliwekwa, maana sababu yake haikuandikwa popote. Ilikuwa vichwani mwa wale tisa, na sita kati yao wameshaondoka. Jambo hili linaniuma, kwa sababu waliokatwa ni wachuuzi ambao pesa hiyo ndiyo mtaji wao wa kesho.

Niliomba kila mtengenezaji mpya wa programu akae nasi wiki nzima kwenye simu, nikakubaliwa siku mbili. Jumatatu iliyopita alikuja kijana wa kwanza, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshaniuliza kwa nini ujumbe wa kumtaka mteja asubiri tunauandika kwa Kiingereza pekee.