Nani Aliyewaambia Kwamba Ni Mapanzi?

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii tukae kidogo kwenye Hesabu 13. Wapelelezi 12, kila mmoja mkuu katika kabila lake, wameizunguka nchi ya ahadi kwa siku 40 na sasa wamerudi. Ushahidi wameubeba mabegani: kichala kimoja cha zabibu kutoka bonde la Eshkoli, kinabebwa na watu wawili kwenye mti, pamoja na komamanga na tini. Nchi ni njema, hilo hakuna anayelibishia. Lakini kumi kati yao wanaifunga taarifa yao hivi: “tukajiona nafsi zetu kuwa kama mapanzi, nao ndivyo walivyotuona sisi.”

Sehemu ya kwanza naielewa. Ukikutana na mtu anayekuzidi kimo na kifua, lazima utajiona mdogo. Ila hiyo ya pili waliitoa wapi? Hatusomi popote kwamba mmoja wao aliwasogelea wana wa Anaki, yale majitu waliyoyaona huko, akawauliza, “Mnatuonaje?” Walijiona mapanzi, kisha wakaamua kwamba kila anayewatazama anaona panzi. Na kwa dhana hiyo, taifa zima lililia usiku kucha na kutaka kurudi Misri.

Sasa ruka miaka 40 hivi, ufungue Yoshua 2. Wapelelezi wengine wawili wamejificha juu ya dari la nyumba ya Rahabu kule Yeriko, wamefunikwa kwa mabua ya kitani. Rahabu anapanda kuwaambia siri ya mji: hofu imewaangukia wenyeji wote wa nchi, mioyo imeyeyuka. Tangu lini? Tangu waliposikia jinsi Bwana alivyoyakausha maji ya Bahari ya Shamu, na yaliyowapata Sihoni na Ogu, wafalme wawili wa Waamori walioshindwa na Israeli. Habari za Sihoni na Ogu zilikuwa mpya, lakini ya Bahari ya Shamu ilitokea kabla wale kumi hawajatumwa! Mapanzi gani hao wanaoyeyusha mioyo ya watu?

Ninaamini wengi wetu tumekwama hapo hapo. Unajaza fomu ya kuomba kazi, unafika penye nafasi ya kutaja ujuzi wako, mkono unasimama. Unaandika neno moja, unalifuta. Hakuna aliyekukataa bado. Barua haijatumwa, msomaji hajulikani, lakini wewe umeshamsikia akicheka. Ndugu yangu, dada yangu, huyo anayecheka umemtunga mwenyewe. Au pengine alikuwepo kweli: mwalimu, mzazi, mtu uliyempenda, alisema neno moja miaka mingi iliyopita, na hadi leo unampa kiti cha hakimu. Jeraha la namna hiyo ni la kweli na sitalifanya dogo. Lakini hakimu wako siye.

Kalebu, mmoja wa wale wapelelezi 12, aliona yale yale waliyoona wenzake: majitu yale yale, kuta zile zile. Hakukana hata moja. Alisema tu, “twaweza kushinda bila shaka,” kwa sababu kwenye hesabu yake alimweka na Mungu. Bwana alisema juu yake kwamba ana roho nyingine ndani yake. Hata hivyo alizunguka jangwani miaka ile 40 na wale wale waliokataa, akawazika rika lake karibu wote, pasipo kosa lake. Tunaposema “jiamini utafanikiwa” huwa tunaipita haraka mno miaka hiyo. Imani yake haikumfikisha upesi. Ilimfikisha akiwa bado ana hamu.

Kwenye Yoshua 14 ana miaka 85. Angeweza kuomba shamba la tambarare, na nani angemlaumu? Anaomba mlima, Hebroni, penye Waanaki wenyewe. Na hakujigamba kwamba ushindi ameushika mkononi. Alisema yamkini Bwana atakuwa pamoja naye, naye atawafukuza. Hilo hunitia moyo sana. Hakungoja mashaka yote yaishe ndipo apande. Ukifika Yoshua 15:14 soma polepole: aliwafukuza Sheshai, Ahimani na Talmai. Rudi Hesabu 13:22 uone. Ni majina yale yale matatu yaliyowatetemesha wapelelezi!

Neno moja la tahadhari, maana lipo kwenye habari hii hii. Siku iliyofuata baada ya kulia, Waisraeli walijipa ujasiri wakapanda kupigana, wakati Musa amewaambia Bwana hayupo kati yao. Walipigwa hadi Horma. Kwa hiyo kabla hujapanda, uliza. Ukishajibiwa, usiendelee kuuliza miaka kumi.

Kuna mtu mwingine kwenye habari hii ambaye husahaulika, binti yake Kalebu, Aksa. Baba amemwoza na kumpa ardhi ya kusini, kavu. Aksa anashuka juu ya punda, baba anamuuliza anataka nini, naye anasema waziwazi: umenipa nchi ya kusini, nipe na chemchemi za maji. Kalebu akampa za juu na za chini. Sijui mtoto hujifunza wapi kuomba bila kujikunyata, kama si kwa mzazi aliyemsikia akisema “nipe mlima huu.” Wazazi, watoto wetu wanasikiliza jinsi tunavyojitaja mezani.

Wiki hii ninawaombea kwa majina ninyi mlionishirikisha jambo mnaloogopa kulianza. Kama lako hujalisema kwa mtu yeyote, mtafute mwamini mmoja unayemwamini umwambie kabla ya Jumapili, mliombee pamoja, na siku hiyo hiyo ufanye hatua yake ya kwanza: barua itumwe, simu ipigwe, jina liandikwe kwenye orodha.