Kikombe kwenye neno "Jumanne": siku moja ya mwigizaji wa nafasi ndogo, Los Angeles

Saa 10:30 alfajiri. Naamka kwa kazi ambayo kwenye runinga haitazidi dakika mbili. Leo mimi ni mwenye moteli anayehojiwa na wapelelezi wawili: sini (onyesho) moja, mistari tisa. Ni kazi ya wale ambao uso wao unaujua na jina lao hulijui, na ina heshima yake. Walter Brennan aliifanya akachukua Oscar tatu, ya kwanza kwa filamu ya 1936, mwaka wa kwanza wa tuzo hiyo kwa waigizaji wasaidizi. Margo Martindale alipata Emmy yake ya kwanza, tuzo ya runinga, mwaka 2011, akiwa na miaka 60.

Mistari naipitia kwa sauti huku naosha vyombo. Ukikwama mikono ikiwa na kazi, bado hujaishika, hata kama ukikaa kitini unatiririka vizuri. Kwenye seti mikono haitakaa bure.

Ratiba ya siku iliingia kwenye simu jana usiku. Kila mwigizaji ana namba. Nyota ni 1 na 2, mimi ni 14. Naangalia saa ya kufika, anwani ya maegesho (mara nyingi si anwani ya seti), na rangi ya kurasa. Skripti ya mwanzo ni nyeupe. Marekebisho ya kwanza huja kwa bluu, kisha waridi, kisha njano. Ukiona ratiba imetaja kurasa za waridi na wewe umekariri za bluu, umekariri maneno yaliyokwisha kufutwa. Hilo huwapata wengi, na hakuna mtu seti atakayekusubiri ujifunze upya.

Saa 11:40 alfajiri nimeshaegesha Santa Clarita, kaskazini mwa jiji. Hapa ni ndani ya duara la maili 30 linalopimwa kuanzia makutano ya barabara za Beverly na La Cienega, ambamo kampuni hailazimiki kunileta, kwa hiyo najiendesha mwenyewe. Wito, yaani saa ya kufika, ni saa 12:00. Naripoti kwa msaidizi wa muongozaji ana kwa ana, maana asipokuona ataanza kukutafuta kwa simu za upepo, na jina lako linaanza kusikika vibaya.

Mekapu, nywele, mavazi. Fundi wa sauti anabandika maikrofoni kifuani kwa tepi. Shati la nailoni hukwaruza, pamba hutulia. Ikilegea, mwite. Usiisogeze mwenyewe.

Saa 1:30 asubuhi ni kupanga miendo. Muongozaji anaonyesha nani asimame wapi, na kila mwigizaji anawekewa alama ya tepi sakafuni yenye rangi yake. Hapa ndipo siku yako inapoamuliwa, kwa sababu kila tendo utakalolichagua sasa utalirudia mpaka jioni. Mimi nachagua mawili tu: nainua kikombe kwenye neno "Jumanne", nakitua baada ya kusema sikumwona tena. Basi. Mgeni wa kazi hupenda kujaza: anakuna shingo, anapanga funguo, anafuta kaunta. Baada ya saa sita hakumbuki kama alifuta kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na mhariri hawezi kuunganisha picha mbili ambamo mkono hauko mahali pamoja. Atakwepa teki hizo (marudio ya kurekodi sini), hata kama uliigiza vizuri kuliko wote.

Kikombe chenyewe kinataka uangalifu. Kiwe na maji ya kweli, walau nusu, kwa sababu kikombe kitupu huruka mkononi na watazamaji huuona uwongo kwenye kifundo cha mkono. Mtu wa vifaa huweka alama ya kina cha maji na kujaza upya kabla ya kila teki. Kikiwa cha udongo, mwombe abandike kitambaa kizito chini yake. Kikigonga kaunta juu ya neno, neno hilo limepotea kwenye sauti. Na usinywe kila mara. Inua, gusa mdomo, shusha. Teki kumi na tano za kumeza maji zitakukimbiza chooni tu kabla ya mchana.

Taa zinapangwa kwa zaidi ya saa nzima, huku mtu mwenye kimo changu akisimama kwenye alama yangu. Saa 3:15 tunaanza picha pana ya sini yote, kisha kamera inageukia nyota mmoja, halafu mwingine. Picha yangu ya karibu itakuwa ya mwisho, na ni haki hivyo. Lakini kosa kubwa la kazi hii ni kumwaga moyo wote kwenye picha pana, ambayo mhariri huenda akaitumia sekunde nne, kisha ukafika kwenye picha yako ukiwa mkavu. Kosa la pili ni kuzembea unapokuwa nje ya kamera. Mwenzako anahitaji macho yako, na lazima uache upenyo kati ya sauti yako na yake: usiingilie maneno yake, kwa sababu sauti mbili zikipandana kwenye picha ya karibu hazitenganishiki tena.

Saa 6:00 mchana, chakula, nusu saa. Mkataba wa SAG-AFTRA, chama cha waigizaji, unataka tule ndani ya saa sita tangu wito. Wakichelewa, kila mwigizaji analipwa dola 25 kwa nusu saa ya kwanza, 35 kwa ya pili, kisha 50 kwa kila nusu saa inayofuata.

Saa 9:40 alasiri kamera inanigeukia. Msimamizi wa mwendelezo ananikumbusha: mkono wa kulia, "Jumanne", mpini wa kikombe umeelekea dirishani. Teki tano. Baada ya hapo fundi wa sauti anaomba kimya cha sekunde 30 kurekodi ukimya wa chumba, na watu sitini wanaganda kama sanamu.

Naachiwa saa 11:15 jioni. Kabla ya kusaini fomu ya muda nazisoma saa zote: kufika, chakula, kuachiwa. Fomu tupu usiisaini kamwe. Kwa mkataba uliomaliza mgomo wa waigizaji wa 2023, kima cha chini cha siku kilifika dola 1,204 Julai 2024, kwa saa nane bila chakula. Hiyo ni dola 150.50 kwa saa. Saa ya tisa na ya kumi ni mara moja na nusu, zaidi ya hapo mara mbili, yaani 301. Wakala huchukua asilimia 10, ndiyo maana mwigizaji makini hudai asilimia hiyo iongezwe juu ya kima cha chini. Kila dola ina uzito: bima ya afya ya chama hutaka ufikie kiwango fulani cha mapato kwa mwaka.

Saa 2:00 usiku, usaili wa kujirekodi nyumbani. Nafasi ni ya daktari wa mifugo, kurasa nne. Mkataba unakataza zaidi ya nane kwa raundi ya kwanza, na lazima tupewe walau saa 48. Ukuta wa kijivu, taa mbili za pembeni, simu imelala kwa upana, lenzi usawa wa macho, picha kuanzia kifuani. Anayenisomea anakaa ubavuni kabisa mwa lenzi. Akikaa mbali, wataona sikio langu badala ya macho. Asome kwa sauti ya chini, kwa sababu yuko karibu na maikrofoni kuliko mimi.

Teki tatu, nachagua ya pili. Jina, kimo, mji, natuma. Saa 3:50.