Nilivyoweza kuwachekesha watoto waliolazwa bila kuwachosha

Nimekuwa najitolea wodi ya watoto kwa muda sasa na wengi wananiuliza unaanzaje, unamchekeshaje mtoto ambaye mkononi ana dripu na usiku kucha hakulala kwa maumivu, basi niandike vile mi nilivyofanya mpaka ikawezekana.

Kilichonisaidia kuliko kipaji chochote cha uchekeshaji ni kumwachia mtoto awe bosi. Hebu fikiria, mtoto akilazwa kila kitu wanaamua wakubwa, sindano atachomwa atake asitake, dawa chungu atameza, usiku ataamshwa apimwe joto, chakula atakatazwa. Hakuna anayemuuliza. Sasa na wewe ukiingia na pua yako nyekundu ya bandia, ile ya wachekeshaji wa sarakasi, ukamlazimisha acheke, umeungana nao tu. Kwa hiyo mi nasimama mlangoni naomba ruhusa kwake yeye mwenyewe, hata kama mama yake ananikonyeza niingie, na akitikisa kichwa hataki naondoka kweli, tena naondoka namshukuru. Kuna watoto ambao hiyo ndo hapana yao ya kwanza kusikilizwa tangu walazwe, unaona kabisa sura inabadilika, na wengine ukishafika kitanda cha pili unasikia "anko, njoo basi".

Lakini kabla ya kufika mlangoni kuna kazi. Usijiendee tu hospitali na mfuko wa zawadi. Mi nilianza kwa kuongea na nesi mkuu wa wodi, nikaulizwa habari zangu, wakahakikisha sina rekodi mbaya na watoto, chanjo zangu zikaangaliwa, ndo nikaingia mafunzo. Na sehemu kubwa ya mafunzo yalikuwa usafi tu, yani mikono mikono mikono. Shirika la Afya Duniani linasema sabuni na maji sekunde 40 mpaka 60, sanitaiza sekunde 20 mpaka 30, na sisi tunafanya hivo kila tunapohama kitanda. Vichezeo tunavyobeba ni vya plastiki vinavyofutika kwa dawa, midoli ya manyoya haizunguki kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine kwa sababu inabeba vijidudu. Maputo ya mpira hatubebi kabisa, kipande cha puto kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo na kuna watoto wana mzio na ule mpira. Pipi pia hapana, maana huyo unayempa anaweza kuwa amefungishwa kula anasubiri nusu kaputi.

Kila siku ya zamu kituo cha kwanza ni kaunta ya manesi. Pale naambiwa nani yuko chumba cha peke yake, nani kapasuliwa tumbo (huyo kicheko kikubwa kinamuumiza kwenye mshono, unamfanyia vitu vya kutabasamu), familia ipi imepokea habari mbaya asubuhi. Ninachoambiwa pale kinabaki pale pale. Nawaheshimu sana manesi, bila wao hakuna kitu tungefanya.

Tunaenda wawili wawili. Utaratibu huu wa wachekeshaji wa hospitali ulianza kupangwa vizuri mwaka 1986 New York, Michael Christensen wa sarakasi ya Big Apple Circus ndo aliuanzisha, halafu ukasambaa nchi nyingi, na kuwa wawili ni moja ya vitu vilivyoshika. Mi nimeona faida yake mwenyewe, mtoto akiwa amechoka au anaogopa anakaa anawatazama nyie wawili mnavyobishana kuhusu kofia, hatakiwi kujibu chochote, akipenda anaamua nani ana haki. Mtu mmoja peke yake macho yote yanakuwa kwa mtoto na hiyo inachosha.

Kuna binti mmoja alikuwa anatibiwa na dawa za saratani, kinga imeshuka, hakuna kuingia chumbani kwake. Mlango una kioo. Tukasimama nje na mwenzangu, nikaweka kidole kwenye kioo nikajifanya kimenata hakitoki, navuta, mwenzangu ananivuta kiuno, hakitoki. Binti akatuangalia weeee, hacheki, halafu taratibu akainua mkono akanyoosha kidole chake kuelekea changu kama anapuliza uchawi, na mi nikaachiwa nikarudi nyuma mpaka ukutani. Akaona kumbe anao uwezo. Kuanzia hapo alitunatisha alivyotaka, kiwiko, paji la uso, goti, anatuacha tumenata anajifanya anasoma kitabu, halafu anatuachia, na mama yake pembeni amejifunika mdomo anacheka na machozi yanamtoka. Hatukuongea neno hata moja.

Wakati mgumu kuliko wote kwa watoto wengi ni kupelekwa chumba cha upasuaji. Kuna utafiti wa Italia uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto waliokuwa na wachekeshaji pamoja na mzazi walikuwa na hofu ndogo kuliko waliokuwa na mzazi peke yake, ila kwenye utafiti huo huo wahudumu wengi wa chumba cha upasuaji hawakupenda wachekeshaji waendelee kuingia mle, waliona wanawachelewesha. Wala siwalaumu, kazi yao haitaki kelele. Sisi tulikaa na timu ya upasuaji tukakubaliana mpaka wetu uko wapi, tunamsindikiza mtoto kwenye kitanda cha magurudumu yeye ndo dereva, anasema kushoto, breki, mi napiga honi, tukifika ule mlango tunasimama bila kubembelezwa na yeye anaendelea na mama yake.

Vijana wa miaka 13, 14 ni habari nyingine. Ukiwafuata na pua nyekundu wanajisikia kudharauliwa. Kwa hao navua pua, naomba wanifundishe gemu la kwenye simu au karata, wao wawe walimu mi mwanafunzi, na hapo stori zinakuja zenyewe. Simuulizi mtu anaumwa nini wala ataruhusiwa lini, maswali hayo wameyasikia mpaka wamechoka. Na picha sipigi kabisa, mtoto yuko kitandani hana nywele, hana nguvu, hiyo sura ni yake na sio ya kuonyesha watu kwamba mi nimejitolea.

Watu wanaona haya mambo kama nyongeza tu lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 31, unatambua kucheza ni haki ya mtoto, na haujasema haki hiyo inaisha akilazwa.

Kama unataka kuanza, chunga sana namna ya kuaga. Usimwambie mtoto nitarudi kesho kama kesho sio zamu yako, atakusubiri kweli, atakataa hata kulala. Mi nasema siku yenyewe iliyopo kwenye ratiba, na kama sina uhakika nasema tu leo nimefurahi kucheza na wewe, halafu namuuliza anataka nitokeje, kwa kurukaruka au kinyumenyume, naye ndo anachagua.