Kampa ya familia: panga siti kwanza, afu vitanda, jiko litajibanza lenyewe

Ukitafuta mtandaoni picha za kampa, zile veni zinazogeuzwa nyumba ya safari, unakutana na jiko. Yani kila mtu anaanza na jiko, kaunta ya mbao inang'aa, sinki la duara, vikombe vimening'inia, afu nyuma kitanda kipana na milango iko wazi unaona ziwa. Safi kabisa, ila hesabu siti, utakuta mbili tu, ya dereva na ya pembeni yake. Sisi tuko watano, kitindamimba bado anakaa kwenye kiti chake cha kitoto, kwa hiyo michoro yote hiyo kwetu ni mapambo.

Mi kwenye kupanga veni yetu nimeng'ang'ania kitu kimoja na baba watoto keshanizoea, gari la familia ukilichora unachora ratiba. Asubuhi wote mnavaa viatu kwa pamoja, nani anasimama wapi? Mchana mdogo akisinzia analala wapi wakati wakubwa wanataka meza? Saa mbili usiku watoto wameshalala na nyie bado macho makavu, mnakaa wapi? Saa tisa usiku mmoja kashikwa na choo, anapita wapi? Mchoro ukijibu hayo yote bila mtu kumwambia mwenzie "hebu sogea" kila dakika, huo nauchukua hata kama kwenye picha hauvutii.

Tuanze na siti maana hapa sina mzaha. Kila anayesafiri awe na siti yake, mkanda wa pointi tatu (unaopita kiunoni na begani), inayoangalia mbele. Yale mabenchi ya ubavuni ni ya kukalia mkiwa mmepaki, kiti cha mtoto hakifungwi pale. Na mkanda wa kiunoni peke yake haumtoshi mtoto wa kwenye busta, kwa sababu kazi ya busta ni kumnyanyua ili mkanda wa juu ukae begani usimkate shingo, sasa kama huo wa juu haupo busta inamsaidia nini? Kama viti vya watoto wako ni vya kubana kwenye vyuma vya ISOFIX hakikisha siti unayoagiza inavyo hivyo vyuma, usije kugundua siku ya kufunga. Kwa mtoto mchanga, viti vya R129, kile kiwango cha Umoja wa Mataifa cha usalama wa viti vya watoto, vinataka aangalie nyuma mpaka avuke miezi 15, na kiti cha kuangalia nyuma kinakula nafasi kwelikweli, kwa hiyo usipime siti tupu. Weka kiti cha mtoto juu yake, mweke na mwenyewe, ndo uchukue futi kamba.

Kuna fundi mmoja alikuja kuangalia gari akasema siti ataipiga bolti kwenye plaiwudi ya sakafu, "Mama, hii ni milimita 18, haing'oki." Nikamwambia kwa kabati sawa. Gari likigonga na spidi ya 50, mtoto wa kilo 25 anauvuta mkanda kwa nguvu ya mamia ya kilo, plaiwudi itapasuka kama biskuti. Siti inakamatwa kwenye chasisi, au kwenye fremu ya chuma iliyotengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo hiyo. Yule fundi hatukuendelea naye.

Halafu kuna kitu kwenye michoro hakionekani kabisa, viti vya watoto usiku vinaenda wapi? Mkishapaki, vile viti vikubwa vinabaki vimekalia benchi mnalotaka kulitumia. Wengi wanavirusha kwenye siti za mbele, sawa, lakini kama siti za mbele ndo zile za kuzungushwa zikaangalia nyuma na mlizipangia kuwa sebule, mmekwisha. Kwa hiyo chagua mapema, aidha siti za mbele ni stoo ya usiku au ni sebule. Sisi ni nusu nusu, ya dereva inazunguka, ya pembeni inabeba viti vya watoto vimepandana, na nimeshavijaribu vinakaa.

Vitanda sasa, na hapa najua wengi hatutaelewana. Karibu kila kampa ya familia niliyoiona imewapa wazazi kitanda cha kudumu nyuma, afu watoto wanatandikiwa kwenye meza iliyoshushwa usawa wa benchi ikawa kitanda. Mi nasema geuza. Kitanda cha kudumu ni cha watoto. Wao ndo wanalala mapema na ndo wanaolala mchana, wakilala kwenye meza maana yake sebule imefungwa saa mbili usiku na nyie mnakaa gizani mnanong'ona, au mnatoka nje na mvua inanyesha. Mtu mzima analala wa mwisho, ndo mwenye uwezo wa kushusha meza na kutandika na asubuhi kukunja. Baba watoto alilalamika mgongo, nikamwambia tununue godoro zuri la vipande vitatu, basi likaisha.

Kwa hiyo nyuma tunaweka dabo deka ya kukatisha gari kwa upana, wawili chini na juu, na mdogo kitanda chake kifupi kwa urefu wa gari pembeni. Hapa aina ya veni ina maneno yake. Fiat Ducato na ndugu zake Peugeot Boxer na Citroën Jumper wana upana wa ndani karibu sentimita 187 kwenye bati tupu, Mercedes Sprinter ni kama 178, na ukishaweka insulesheni (ya kuzuia joto na baridi) na mbao unapoteza sentimita kadhaa kila upande. Mtu mzima mrefu akilala kwa kukatisha kwenye Sprinter anakunja magoti, ila mtoto anaenea bila shida na anabakiwa na nafasi ya kukua. Upana wa kitanda sentimita 60 mpaka 70 unatosha. Kinachobana ni kimo, acha nafasi ya mtoto kukaa wima, la sivyo kila asubuhi unasikia "gwa" afu kilio. Wa juu awe na ukingo unaozidi unene wa godoro, na mtoto wa chini ya miaka sita asilale juu, hata aombe vipi. Na kila kitanda kiwe na njia ya kutokea zaidi ya ile ya kupitia jikoni, kwetu milango ya nyuma mtu anaweza kuifungua akiwa ndani na wakubwa wameshafundishwa.

Kabla ya kukata mbao yoyote tulichora gari lote sakafuni kwa tepu, saizi yake kamili, maboksi yakawa makabati, magodoro yakawa magodoro. Tukalala humo. Usiku wa manane mtoto wa kati akaamka kwenda choo, na kwa mchoro ule njia ilikuwa inapita katikati ya kitanda chetu, akamkanyaga baba yake tumboni, yule akaruka akapiga boksi la "friji" likaanguka. Kesho yake choo kikahamia kwenye kabati dogo mguuni mwa dabo deka, kile cha kubebeka chenye tangi lake, na sasa mtoto anashuka, hatua moja, amefika. Kompyuta isingenionyesha hilo, kwenye skrini watu hawaamki usiku.

Jiko nitasema kidogo tu. Likae karibu na mlango wa pembeni ili moshi utoke, lakini majiko yenyewe yawe upande wa mbali na mlango, maana watoto wanaingia mbio bila kuangalia na mpini wa sufuria uko sawa na kichwa cha mtoto wa miaka minne. Friji ifunguke kwa mtu aliyesimama nje, itapunguza nusu ya msongamano. Mtungi wa gesi uwe kwenye kabati lake lililozibwa kwa ndani na lenye tundu sakafuni la kutokea nje, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini, na chini ndo wanapocheza. Weka na king'ora cha kaboni monoksidi, usibishane.

Uzito watu wanausahau mpaka mizani iwakumbushe. Nchi nyingi leseni ya kawaida inaishia gari la kilo 3,500 likiwa limejaa, na familia inajaa haraka, tangi la maji la lita 100 ni kilo 100, hapo bado watu, baiskeli, magodoro. Vizito viwe chini na karibu na ekseli, usirundike kila kitu nyuma kabisa chini ya vitanda kisa kuna nafasi. Pima gari likiwa tupu, uandike.

Hewa pia, watu watano wakipumua usiku kwenye boksi la bati asubuhi madirisha yanatiririka maji. Feni ya darini, tundu lililozoeleka ni sentimita 40 kwa 40, na dirisha la chini wazi kidogo upande wa pili ili hewa ipite juu ya vitanda vya watoto kwanza. Chini ya magodoro weka chaga, ukilaza godoro juu ya plaiwudi kavu kavu linaota ukungu.

Kilichobaki kinachotugombanisha ni meza. Baba watoto anataka ya mguu mmoja katikati kwa sababu inashuka kirahisi kuwa kitanda, mi nataka ya kuning'inia ukutani ili miguu ya watoto isigonge chochote na nifagie chini bila kuinua kitu. Tumekata kipande cha boksi kwa kila moja, wiki hii watoto wanafanyia homuweki kwenye ile ya ukutani, wiki ijayo wanahamia ya mguu, meza itakayomwagiwa vitu kidogo ndo inashinda.